Koo la Mtutu

Umeme umekatika Katuba nzima.
Nimewasha mshumaa, si kwa kuona tu:
nahitaji masizi yake.
Nashika kichwa cha risasi kwa koleo ndogo,
nakizungusha juu ya ulimi wa moto
hadi shaba ivae nyeusi.
Shaba ya hapa, pengine. Nani ajuaye
ilikotembea kabla ya kurudi nyumbani
na koti la kiwanda cha ugenini.

Ganda hili halina fataki, halina baruti.
Ni la kupimia tu.
Nakisukuma kichwa shingoni mwake, kidogo,
nalitia chemba, nafunga komeo polepole,
nafungua.
Kwenye masizi kuna mikwaruzo minne
myembamba kama kucha za panya.
Hapo ndipo mifuo ya mtutu inapoanza.
Hapo ndipo chuma kinasema: umefika.

Kaye ya baba ina madoa ya mawese.
Kapya Mwenze, fundi wa mashine
miaka thelathini na moja kwenye tanuri la shaba,
aliandika kwa herufi zilizonyooka kama reli:
*Sabini na saba, nukta sita. Usiguse mifuo. Acha pumzi.*
Mwaka hakuuandika.

Leo kalipa inanipa namba nyingine.
Nafuta meno yake kwa ncha ya kitenge, napima tena.
Ile ile.
Mifuo imekimbilia mbele, zaidi ya milimita moja;
koo la mtutu limelika
kwa moto wa kila ngiri tuliyewahi kumla.

Nyuma ya pazia baba anakohoa.
Koo lake pia.
Moshi wa tanuri haukubisha hodi.

Nawaza: niifuate mifuo, nikitoe kichwa nje
mpaka viwe majirani kama zamani.
Lakini kikitoka sana, shingo inakishika kwa ncha tu,
jino la mtoto linalongoja uzi,
na magazini haikubali urefu huo.
Nikikizamisha sana, kinaibana baruti,
na hasira isiyo na nafasi hupasua chungu.
Kati ya huku na huku
kuna unene wa nywele chache,
na humo ndimo ninamotakiwa kuishi usiku huu.

"Ngosa." Sauti yenye kokoto. "Kaye inasema ngapi?"
Namwambia.
"Na bunduki inasema ngapi?"
Namwambia.
Kimya. Kwa jirani mwiko wa bukari unagonga sufuria.
"Basi kaye ilikufa. Lakini usikimbize koo, mutoto.
Koo ikienda, haiko inarudi.
Tafuta pale inapotulia."

Jumamosi, njia ya Kipushi, nyuma ya kichuguu,
katoni ya sabuni, mafungu ya risasi tatu tatu,
kila fungu limezama kidogo kuliko lililotangulia.
La kwanza lilitawanyika kama kuku walioona mwewe.
La pili, nusu ya aibu.
La tatu, lililokaa mbali na mifuo
kuliko kaye ilivyowahi kuruhusu,
nililifunika kwa kifuniko cha bia:
matundu mawili yakapotea chini yake,
moja likabaki nje, linanitazama.

Baba alipitisha kidole kwenye katoni,
kile kisicho na kucha tangu ajali ya mashine.
"Na hili la pembeni?"
"Nilivuta pumzi vibaya."
"Basi usiliandike kwa risasi. Liandike kwako."

Akaomba kalamu. Mkono ukatetemeka juu ya karatasi
muda mrefu, kisha akanirudishia.
Niliandika mimi, chini ya mwandiko wake,
urefu, na tundu langu moja, na safari hii mwaka.
Sikuikata namba yake.
Mistari iliyofuata niliiacha mitupu:
mtutu bado unalika.